Saini ya Ssalongo

Ssalongo tumemzika Jumamosi, kijijini kwao, kati ya migomba, na watu walikuwa wengi kuliko viti. Sisi mafundi tulikaa pamoja chini ya hema la nyuma. Mshereheshaji alipouliza nani atasema neno kwa niaba ya karakana, vichwa vyote viligeuka kuniangalia mimi, kwa sababu ni mimi niliyekaa naye muda mrefu zaidi na kwa sababu inajulikana kwamba mdomo wangu haujui kufunga. Nikasimama. Nikasema sentensi tatu, zote za kwenye kadi za rambirambi, nikakaa. Tangu siku hiyo najionea haya. Nilichopaswa kusema ni habari ya mwaka mmoja, wa kwanza wangu Kampala, nilipokuwa na miaka ishirini na sita. Ya wazazi wangu na ya vita nitayaacha. Niliyasimulia vya kutosha kwa maofisa walioandika bila kuinua macho.

Nilifika kutoka Bukavu na begi moja, bisibisi zangu sita nimezifunga kwenye kitambaa, na diploma ya ufundi wa vifaa vya hospitali, ya Kifaransa, imekunjwa mara nne. Nilipokelewa Makindye na Mama Faraja, mwanamke wa kwetu aliyekuwa akitembeza vitenge mtaa kwa mtaa. Yeye, mumewe na mimi tuliishi katika chumba kimoja kilichogawanywa na pazia la kitenge chenye picha za ndege. Alfajiri tuliamshwa na tarumbeta ya kambi ya askari, na kabla sijafumbua macho vizuri nilisikia habari zangu upande wa pili wa pazia. "Ule dada anasema yeye ni fundi wa mamashini ya hopitali," mume alikuwa akisema, "lakini pasi yetu imekufa tangu Pasaka na hajaiangalia hata." Mama Faraja akamjibu, "Mwache. Mutu akifika anapumuzika kwanza." Siku hiyo hiyo niliitengeneza pasi, tena kwa hasira, na jioni nikapewa kipande kikubwa zaidi cha samaki kwenye sombe, kisamvu cha kwetu. Hiyo ndiyo mara pekee mwaka ule ambapo kazi yangu ilikubaliwa bila karatasi.

Kwenye ofisi ya usajili wa mafundi mambo yalikuwa mengine. Mama wa dirishani aliishika diploma yangu kwa ncha za vidole, akaigeuza, akaigeuza tena, akaniambia kwa upole kwamba ataihitaji katika lugha anayoisoma, pamoja na barua kutoka chuoni inayothibitisha kwamba kweli nilisoma. Tafsiri niliipata. Barua ndiyo iliyonishinda. Nilipiga simu chuoni wiki tatu mfululizo, na hatimaye akapokea mlinzi, ambaye aliniambia kwamba walimu wametawanyika, mafaili yameliwa na maji, na kama namjua mtu yeyote wa kumletea blanketi angeshukuru. Nilirudi dirishani nikamwambia mama yule ukweli. Akafikiri, akavuta fomu nyingine. Kulikuwa na njia ya pili: mwaka mmoja wa kazi chini ya fundi aliyesajiliwa, kila tengenezo liandikwe kwenye kitabu chenye kurasa za namba, kila mstari utiwe saini na msimamizi, kisha mahojiano. Nikifaulu, nitapewa namba yangu. Bila namba hiyo, mashine yoyote niliyoitengeneza Uganda ingekuwa imetengenezwa na mtu mwingine, hata kama ni mikono yangu iliyoifungua. Nilitoka pale nimekunja ngumi. Miaka minne ya kazi, nikapimwe upya kama mtoto wa shule.

Ssalongo nilimpata katika hospitali moja ya binafsi upande wa Mulago, hospitali ya tano kubisha hodi. Karakana ilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia, kwa hiyo ilinuka lehemu na wanga wa mashuka kwa pamoja. Nilikuta wanaume watatu mezani. Nilipoanza kujieleza kwa Kiswahili, wawili walitazamana, mmoja akasema kitu kwa Kiganda na mwenzake akacheka. Nilikuja kuelewa baadaye: kwa watu wengi wa rika lao, Kiswahili kilikuwa lugha ya kufukuzwa na askari au kuibiwa. Wa tatu hakucheka. Alikuwa mtu mfupi, mgongo umenyooka, shati limepigwa pasi hadi mikononi, na Kiswahili alikijua kwa sababu alikuwa fundi wa jeshini miaka mingi, akiishi Mbuya. Kilikuwa Kiswahili cha amri, chembamba, na *l* na *r* zilikaa ndani yake popote zilipopata nafasi. Jina lake sikuliuliza. Kila mtu alimwita Ssalongo, kama Waganda wanavyomwita baba wa mapacha, na mkewe Nnalongo.

"Wewe nafanya mashine gani?" aliniuliza.

"Zote, Ssalongo. Za kufyonza, za oksijeni, za watoto njiti. Kile kinachofika."

Akanisogezea mashine ya kufyonza iliyokuwa imewashinda siku mbili. Sikuifungua. Niliiwasha, nikaweka kiganja ubavuni, nikasikiliza, nikamwambia utando wa ndani umepasuka upande wa kushoto. Akaifungua mwenyewe. Umepasuka, kushoto. Wale wawili wakaacha kucheka. Ssalongo akaenda kabatini, akaniletea bunda la kadi za kazi. "Sikiriza, fundi. Hapa kuna sheria moja tu. Hapana kadi, hapana fungua mashine. Unaandika imekuja na ugonjwa gani, umefanya nini, imepimwa aje. Mimi naangaria, mimi naweka saini. Sawa?" Nikamwambia sawa. Kuitwa fundi, baada ya hospitali nne kuniuliza kama natafuta kazi ya kufagia, kulinifanya nikubali sheria hata kabla ya kuisikia vizuri.

Na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia, kwenye wiki ya pili. Wodi ya watoto iliita: inkubeta namba tatu imekataa kupasha joto. Inkubeta ni lile sanduku la kioo la watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na ndani yake mna vidhibiti viwili vya joto. Cha kwanza hufanya kazi saa zote. Cha pili hukaa kimya, kazi yake ni kusubiri cha kwanza kikosee. Joto likipita kiasi, kinakata umeme. Niliifungua nikakuta cha pili kimekufa na hakipitishi umeme kabisa. Sikufikiri hata dakika moja. Nilichukua kipande cha waya nikaunganisha upande huu na huu, nikakiruka kile kilichokufa, joto likarudi. Bukavu tuliiita ponti, na tulipiga ponti kila wiki, tukijisifu. Kule ukisubiri kifaa kipya mtoto atakuwa ameshakufa kwa baridi, kwa hiyo unapiga ponti, na muuguzi anaketi karibu na kipimajoto mkononi, na kila mtu anajua. Kwenye kadi niliandika: haikupasha joto, imetengenezwa, inapasha joto. Ssalongo aliniangalia, akakumbuka ile mashine ya kufyonza, akatia saini bila kufungua kifuniko. Ulikuwa mstari wa saba katika kitabu changu.

Siwezi kusema miezi iliyofuata ilikuwa mibaya. Ilikuwa mitamu, na leo nikiikumbuka natabasamu peke yangu jikoni. Asubuhi tulikunywa chai ya maziwa na katogo, ndizi zilizopikwa pamoja na matumbo, kutoka kwa mama aliyepika nyuma ya geti. Saa saba kamili Ssalongo alifungua chakula chake: matooke, ndizi za kupondwa zilizofungwa kwenye jani, na binyebwa, mchuzi wa karanga, uliopikwa na Nnalongo, daima mwingi kuliko tumbo la mtu mmoja, na daima akanisogezea nusu akidai daktari amemkataza karanga. Daktari gani, sikuwahi kumjua. Alinifundisha kupima baada ya kutengeneza, jambo ambalo kwetu tuliliona ni anasa: shinikizo, joto, mkondo wa umeme, mara tatu, kisha kuandika. Nilibishana naye kila siku. Nilimwambia mashine ikiwaka imewaka. Alinijibu, "Jeshini pia gari inawaka. Alafu inafika kwa mtelemko." Wale wenzangu wawili walianza kuniita nnyabo, yaani mama, kwa heshima, na mmoja wao, yule wa Kiganda cha kuchekesha, akaanza kuniuliza maneno ya Kiswahili ili amsalimie jirani yake Mkenya.

Mwezi wangu wa tisa pale nilitumwa stoo kuchukua fyuzi. Mtunza stoo alikuwa kwenye simu, kwa hiyo niliingia mwenyewe kati ya rafu, na kwenye rafu ya pili nikaona visanduku vyeupe vyenye picha ya kile kidhibiti cha pili. Vipya, vimepangwa vizuri, vina vumbi juu.

"Hivi vipo tangu lini?" nikamuuliza.

"Hivyo? Tangu mwaka jana," akasema. "Hakuna mtu ameomba."

Hakuna mtu ameomba. Nilisimama pale na fyuzi zangu mkononi. Miezi tisa nilikuwa nikija kuomba fyuzi na lehemu tu, kwa sababu nilikotoka stoo ilikuwa chumba chenye kufuli, kinafunguliwa wageni wakija ili waonyeshwe kwamba kipo. Haikunipitia akilini kwamba unaweza kuomba kitu ukapewa. Na kule wodini, namba tatu ilikuwa ikipasha joto watoto tangu siku ile, mmoja baada ya mwingine, bila mlinzi wake wa pili, na hakuna muuguzi aliyeketi karibu na kipimajoto kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba anapaswa kuketi.

Sitajipamba. Wazo langu la kwanza lilikuwa kuficha. Nilitia kidhibiti kimoja kwenye mfuko wa koti, bisibisi kwenye mfuko wa pili, nikaenda wodini bila kadi. Ningesema ni ukaguzi wa kawaida, ningebadilisha kwa dakika kumi, na mwaka wangu ungeisha salama. Sista Apio, mkuu wa wodi, mwanamke mkubwa wa kaskazini mwenye sauti ndogo, alikuwa akimgeuza mtoto ndani ya namba tatu. Mtoto wa kike, mwepesi kiasi kwamba mkono wa Sista ulimfunika wote. Hakuwa na jina bado. Kwenye kifundo cha mguu waliandika la mama yake.

"Unataka nini, Sifa? Kadi iko wapi?"

"Naangalia tu, Sista."

"Hii hata usiangalie. Hii ni mashine ya maana. Tangu wewe ulitengeneza, haijanisumbua hata siku moja. Zile zingine nakimbilia kila saa. Huyu hapa nikimweka ndani, roho yangu inatulia."

Nilimwomba asiondoke pale hadi nirudi, na ashike kipimajoto. Akaniangalia kwa mshangao lakini akakichukua. Nikakimbia ngazi. Nikamkuta Ssalongo ndiyo kwanza anafungua jani lake la matooke, na nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kwa Kiswahili cha Bukavu nilichokuwa nimeacha kukitumia pale, maneno yakitoka mazima mazima. "Nilipigaka ponti, Ssalongo. Kwenye namba tatu. Tangu wiki ya pili."

Alilifunika jani. Akanawa mikono. "Mtoto iko ndani?"

"Iko."

"Twende."

Wodini alihakikisha kwanza mtoto amehamishwa kwenye inkubeta ya jirani. Kadi aliijaza mwenyewe kwa mwandiko wake wa kijeshi. Nilitoa waya, nikafunga kidhibiti kipya, kisha tukapandisha joto kwa makusudi na kusubiri tukiwa tumeinama kama watu wanaosikiliza mlangoni. Tiki. Umeme ukakatika. Alinifanya nirudie mara tatu. Siku mbili zilizofuata tulipitia kila mashine niliyoigusa tangu nifike, tukakuta ponti nyingine moja, kwenye taa ya chumba cha upasuaji mdogo, ambayo nilikuwa nimeisahau kabisa. Hakuna mtoto aliyedhurika. Namshukuru Mungu kwa hilo hadi leo, na nasema kwa sauti, kwa sababu haikuwa kwa ujanja wangu.

Kisha akanifungulia kitabu changu. "Andika."

"Niandike nini?"

"Yote. Ponti, stoo, miezi. Kwa mkono yako."

Nilimwambia kwamba hiyo itanimaliza. Kwamba watu wa usajili wakiusoma ukurasa huo nitabaki kuwa mwanamke aliyehatarisha watoto. Alinisogezea kalamu. Nilipomaliza kuandika huku machozi yakidondokea karatasi, alikivuta kitabu akaongeza mstari wake chini ya wangu: kwamba yeye, msimamizi, alitia saini kazi hii bila kufungua kifuniko. Akatia saini. Nilimuuliza kwa nini anajitia humo. "Saini yangu iko pare juu, mwezi wa kwanza," akasema. "Inasema mimi niriona. Mimi sikuona." Akarudi kwenye matooke yake, yaliyokuwa yamepoa, na siku hiyo hakunisogezea nusu.

Nyumbani Mama Faraja alisikiliza hadi mwisho huku akitwanga sombe. "Toa ile paje, mwanangu," akasema. "Ni paje moya tu. Kitabu iko na mapaje mingi. Nani atayua?" Nikamwambia kurasa zina namba. Akaacha kutwanga, akafikiri, akasema basi nimwage mafuta juu yake. Tulicheka hadi mumewe akaja kuuliza kuna nini. Nakiri kwamba chupa ya mafuta niliitazama. Nilichoogopa zaidi ya ofisi kilikuwa kumwona Ssalongo akifungua ukurasa ule na kukuta saini yake ina doa.

Kwenye mahojiano walikuwa watatu. Walikipitia kitabu haraka hadi pale, wakasimama pale, na hawakuuliza kitu kingine chochote. Mama mmoja mwenye miwani, aliyekuwa amekaa katikati, aliuliza, na karani akanitafsiria: "Tuseme uko kwenu leo. Stoo haina kitu, mtoto yuko ndani ya inkubeta, anapata baridi. Utafanya nini?" Nilijua jibu wanalolitaka. Lakini nilikuwa nimechoka na uongo, na labda ni ubishi wangu tu. Nikasema, "Nitapiga ponti." Karani akasita kabla ya kutafsiri. Nikaendelea: "Nitaandika kwenye kadi kwamba nimepiga. Nitafunga kitambaa chekundu kwenye mashine. Nitamwambia muuguzi aketi hapo, na nitaomba kifaa kila siku hadi wanichukie." Mama wa miwani aliandika kitu, akaniambia naweza kwenda.

Barua ilikuja baada ya wiki sita. Namba yangu ilikuwa ndani, mstari mmoja tu, na nilikaa kwenye ngazi za kufulia nikaisoma hadi macho yakauma. Mama Faraja alikwenda kanisani kwetu kuitangaza mbele ya kwaya nzima, kana kwamba nimejifungua. Ssalongo alinishika mkono, akaushika kwa muda mrefu, akasema, "Sasa wewe ni mtu wa kuweka saini."

Na kesho yake akaniletea kadi yake mwenyewe. Alikuwa ametengeneza mashine ya oksijeni, ameijaza kadi vizuri, na mahali pa saini ya mkaguzi palikuwa patupu. "Weka," akasema. Nilishika kalamu. Nani mimi nimkague Ssalongo? Nilitaka kutia saini hapo hapo, lakini alikuwa ameweka kidole juu ya kadi na hakukiondoa. Nikaelewa. Nikachukua bisibisi, nikafungua kifuniko mbele yake, nikapima mara tatu, na yeye akasubiri mikono nyuma, kama askari kwenye gwaride. Aliniletea kadi zake zote kwa miezi sita. Zote nilizifungua. Siku nyingine nilimrudisha, nikamwambia skrubu hii haijakaza, naye akarudi mezani akaikaza. Niliamini kwamba ananifundisha. Niliamini pia, na hapa najionea haya tena, kwamba ananipa heshima kwa sababu nilikuwa nimestahili.

Jumamosi, baada ya watu kula, Nnalongo aliniita chumbani kwake. Hajui Kiswahili sana, nami Kiganda changu ni cha sokoni, kwa hiyo tulizungumza polepole. Aliniambia kwamba wiki ileile iliyokuja barua yangu, ilikuja na ya mumewe. Kwa ajili ya ule mstari alioandika chini ya wangu, ofisi ya usajili ilimzuia kutia saini kazi yoyote kwa miezi sita, hata ya mikono yake mwenyewe. Wakubwa wa hospitali walijua. Wale wenzangu wawili walijua, nao walikuwa na namba, na wangemtilia saini wakati wa chai bila kumsumbua. "Nilimwambia awape wale," Nnalongo akasema. "Akakataa. Akasema, yule mwanamke atafungua kifuniko."